Naomba ushauri: hisa za marehemu baba, majina hayalingani

Habari zenu wakubwa. Naombeni msaada, nimekwama.

Baba alinunua hisa 4,000 za benki ya CRDB mwaka 2009, wakati zinauzwa kwa umma kwa shilingi 150 moja. Alifariki mwaka jana. Tumekuta risiti ya hisa ndani ya sanduku lake, imetunzwa vizuri kabisa kwenye bahasha. Mahakama ya Mwanzo imeshaniteua msimamizi wa mirathi, na barua ninayo.

Tatizo ni jina. Risiti ina majina mawili, la kwake na la ukoo. Cheti cha kifo na barua ya mahakama vina matatu, la babu likiwa katikati. Dalali wa hisa niliyemwendea Dar amekataa kuzihamisha. Nimeapa kwa wakili kwamba ni mtu mmoja, nikapeleka kiapo, nikaambiwa nisubiri. Ni mwezi wa tatu sasa, na akaunti ya benki aliyokuwa akipokelea gawio imefungwa.

Tuko wanne, na mdogo wetu wa mwisho anategemea fungu lake kwa ada ya chuo. Wengine tungependa kubaki na hisa, maana baba alizithamini sana.

Maswali yangu: kiapo kinatosha, au nirudi mahakamani barua irekebishwe iwe na majina yote? Na je, inawezekana fungu la mdogo wetu tu liuzwe, zetu zihamie kwenye akaunti zetu za hisa bila kuuzwa?

Aliyewahi kupita njia hii anielekeze tafadhali.