Kwa nini wanazuoni makini wa karne ya 16 walichora majoka?

Mdau wa Historia: Habari zenu wanajukwaa. Nimekuwa nikipitia picha za Historia animalium, kazi kuhusu wanyama ambayo mwanazuoni wa Uswisi, Conrad Gessner, alianza kuichapisha Zurich mwaka 1551. Wanyama wa kawaida wamechorwa kwa uangalifu mkubwa, lakini humo humo yumo nyoka wa vichwa saba na samaki aliyevaa kama mtawa. Je, Gessner aliamini kwamba viumbe hao wapo?

Msomaji wa Kale: Ndugu, soma na maelezo yanayoambatana na picha. Kuhusu nyoka huyo, Gessner alionyesha mashaka waziwazi, kwa kuwa masikio, pua na nyuso zake hazikuwa za jamii ya nyoka. Hata hivyo alimweka, kwani lengo lake lilikuwa kukusanya yote yaliyowahi kuandikwa au kuchorwa. Tukumbuke pia kwamba picha yake ya kifaru ilinakiliwa kutoka mchoro wa msanii Mjerumani Albrecht Dürer wa mwaka 1515, naye Dürer hakuwahi kumwona mnyama huyo, ndiyo maana alimwongezea kijipembe mgongoni. Kwa mtu aliyeketi Zurich, kifaru na samaki mtawa walimfikia kwa njia ile ile, yaani mchoro wa mtu mwingine, na kwa maoni yangu si haki kumwita mjinga.

Mvuvi Mstaafu: Naomba kuongezea kuhusu majoka, kwani mengine yalikuwa samaki taa, yule bapa mwenye mkia mrefu. Ukimgeuza taa chali utaona mdomo na, juu yake, matundu mawili ya pua ambayo mtu asiyemjua huyadhania macho, ilhali macho yenyewe yako upande wa mgongoni. Walaghai walimkata mapezi yakawa mabawa, wakamkunja mkia, kisha wakamkausha. Gessner mwenyewe aliwaonya wasomaji kuhusu udanganyifu huo.

Msomaji wa Kale: Ahsante sana, mzee wangu. Hata hivyo, onyo lilibaki kitabuni huku picha zikinakiliwa na kusambaa. Mwaka 1734 Albertus Seba, mkusanyaji wa vielelezo vya viumbe, alichapisha Amsterdam picha ya nyoka wa vichwa saba aliyehifadhiwa Hamburg. Mwaka uliofuata mwanasayansi wa Uswidi, Carl Linnaeus, alimkagua kwa macho yake, akagundua kwamba taya na miguu ni ya vicheche, na kwamba mwili umefunikwa kwa ngozi za nyoka zilizogandishwa kwa gundi. Mwaka huo huo, katika Systema Naturae, kitabu chake cha kuainisha viumbe, aliwatengea viumbe wa namna hiyo orodha yao ya pekee, ambayo aliiondoa katika toleo la 1748.