Matumbawe yakishakuwa meupe ndo yamekufa?

kaskazi_22:
Wakuu naombeni ufafanuzi. Nimeona video ya miamba ya matumbawe iliyopauka, eneo zima jeupe pee, chini watu wanaandika yamekufa hayo basi tena, mwingine anabisha anasema yako hai. Kipi ni kipi? Na ni joto tu au na uchafu pia?

mzamiaji_k:
Hayajafa bado mkuu. Tumbawe ni mnyama, vijinyama vidogo vingi vimeshikana vinajijengea chokaa, na ndani ya miili yao wanaishi vimwani ambavyo huwezi kuviona bila hadubini, hivyo ndo vinawatengenezea chakula kwa mwanga wa jua na ndo vinawapa rangi. Nguvu zao hadi asilimia 90 zinaweza kutoka huko. Sasa maji yakizidi joto vile vimwani vinaanza kutoa sumu, mnyama anavitema, mwili wake unabaki kama kioo na chokaa ya ndani inaonekana. Kwahiyo uliyemuona ni mnyama ana njaa kali. Joto likipungua mapema vimwani vinarudi anapona, likikaa sana anakufa, na akifa weupe wenyewe haudumu maana mwani unaota juu yake panakuwa na rangi chafu chafu. Hapo ndo ujue ameenda.

tumbawe_moja:
Naongezea, joto lenyewe wala si kubwa hivyo, digrii 1 tu juu ya kilele cha kawaida cha msimu wa joto, likidumu wiki kama 4 kupauka kunaanza. Kinachoniuma mimi ni nafasi ya kupumua. Mwamba ulioumia vibaya unahitaji miaka 10 na zaidi kujijenga, sasa angalia Great Barrier Reef ya Australia imepauka kwa wingi 2016, 2017, 2020, 2022 na 2024, utapona saa ngapi hapo?? Na dunia nzima tumeshapigwa mara nne, 1998, 2010, 2014 hadi 2017, halafu hili lililoanza 2023. Ile ya 1998 Bahari ya Hindi iliumia vibaya mno.

kaskazi_22:
Asanteni sana. Kwahiyo hata tukizuia uchafu na uvuvi mbaya ni kazi bure?

mzamiaji_k:
Hapana, usifike huko. Maji taka na mbolea vinakuza mwani, na samaki wanaokula mwani kama pono wakivuliwa wote mwani unafunika mwamba, vitoto vya matumbawe vinakosa pa kushika. Mwamba safi wenye samaki wake unarudi haraka zaidi baada ya joto, ila kulizuia joto lenyewe hauwezi.

tumbawe_moja:
Ndo maana mi nasema wazi shida kubwa ni makaa ya mawe, mafuta na gesi tunavyochoma. Ripoti ya IPCC (jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi) ya 2018 ilisema dunia ikipanda joto digrii 1.5 juu ya ilivyokuwa kabla ya viwanda tunapoteza asilimia 70 hadi 90 ya matumbawe, ikifika 2 ni zaidi ya 99. Yaani hiyo nusu digrii ndo kubaki na kitu au kukosa kabisa. Kupandikiza matumbawe ni kuzuri naunga mkono, lakini Florida kule Marekani 2023 bahari ilichemka mpaka wakaanza kuyatoa matumbawe kwenye vitalu vya baharini wakayahifadhi kwenye matangi nchi kavu, sasa mwamba mzima utauhamishia wapi?