Naomba ushauri: kichwa cha mbwa juu ya nembo, ni cha ukoo wa Hohenzollern au wa Oettingen?

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu.

Naandaa maelezo ya picha za mawe ya makaburi ya kale ya kusini mwa Ujerumani, na jiwe moja limenikwamisha. Ngao iliyochongwa juu yake, yenye nembo ya ukoo, imelika yote. Kilichobaki ni kofia ya chuma, na juu yake kichwa cha mbwa wa kuwinda mwenye sikio refu linaloning'inia. Rangi hakuna hata chembe.

Wa kwanza kuwafikiria ni Hohenzollern, ukoo wa kitawala wa Ujerumani, wenye ngao ya robo nne, nyeupe na nyeusi. Mwaka 1317 Friedrich IV wa ukoo huo, bwana wa ngome ya mji wa Nürnberg, alinunua haki ya kutumia kichwa hicho kutoka kwa kabaila Leutold von Regensberg kwa mark 36 za madini ya fedha (mark ni kipimo cha kale cha uzito). Pambo la kofia linauzwa kama shamba! Tatizo ni kwamba ukoo wa Oettingen nao ulibeba mbwa huyohuyo, na koo hizo ziligombana sana juu yake.

Najua Oettingen waliweka msalaba wa mshazari kwenye sikio, na Hohenzollern waligawa sikio robo nne kama ngao yao. Nimelimulika sikio hilo kwa tochi kutoka ubavuni, nikaona mfuo mmoja tu hafifu.

Kwa wanaofahamu nembo: alama za sikioni zilichongwa kwenye jiwe, au mara nyingi zilipakwa rangi tu? Na ngao ikishapotea, ni sehemu gani nyingine ya jiwe inayoweza kuutambulisha ukoo?

Natanguliza shukrani.