Misingi ya kompyuta za kwanta kidato cha tano: tuanze au tungoje?

Mwalimu wa fizikia, Busia, Uganda: Wenzangu, mkuu wangu wa shule amenikataza kufundisha misingi ya kompyuta za kwanta, ati napoteza muda wa mtihani. Natumia chaki tu, na Kiswahili, maana ndicho wanachoongea hapa mpakani. Biti, kipande kidogo kabisa cha taarifa kwenye kompyuta ya kawaida, ni 0 au 1. Kyubiti, yaani biti ya kompyuta ya kwanta, hubeba namba mbili kwa pamoja, tuseme 0.6 ya 0 na 0.8 ya 1. Ukiipima, mraba wa kila namba ndio uwezekano wake: 0.36 na 0.64, jumla 1. Hapo kuna kigumu gani?

Kijana wa Kireka: Mkuu yuko sawa. Mashine inayojaribu majibu yote kwa mpigo mmoja na kufungua siri za benki ni ya mataifa makubwa. Halafu Kiswahili! Sayansi kwa lugha ya askari na wezi?

Mzaliwa wa Bombo: Koma hapo. Kiswahili nilikisikia kwa bibi yangu kabla sijamjua askari. Katiba ilikitambua kuwa lugha rasmi ya pili tangu 2005.

Kijana wa Kireka: Mzee, bibi yako sijamgusa. Ila waliobisha hodi kwetu usiku, enzi za Amin, walisema lugha gani? Mama yangu hadi leo akiisikia anashtuka.

Mama Samaki, Arua: Mpe mama pole, mwanangu. Lakini mimi nimesomesha watoto wanne kwa lugha hiyohiyo sokoni. Mwizi ni mimi?

Mwalimu wa fizikia, Busia: Jamani, kyubiti! Kireka, hilo la "majibu yote kwa mpigo" ndilo linalopotosha. Ukipima unapata jibu moja tu. Siri ni kwamba namba zile zaweza kuwa hasi: njia za majibu mabaya zinafutana, za jibu sahihi zinaongezana nguvu. Kwa njia hiyo mwanahisabati Peter Shor alionyesha, 1994, jinsi ya kuchambua namba kubwa hadi namba tasa zinazoiunda. Hofu ya benki inatoka hapo, maana siri nyingi hulindwa na ugumu wa kuchambua namba hizo. Na tangu 2016 kampuni ya IBM imeweka kompyuta ya kwanta kwenye intaneti, mwanafunzi aweza kuijaribu.

Kijana wa Kireka: La kufutana sikulijua, asante. Lakini mtihani ni wa Kiingereza.

Mzaliwa wa Bombo: Baraza la mawaziri liliamua 2022 Kiswahili kiwe lazima shuleni.

Kijana wa Kireka: Na walimu wa kukifundisha wako wapi, mzee? Nitajie hata wawili Kireka.