Ukishamaliza chuo, tafiti za ustawi wa jamii unazisomea wapi?

MdauUstawi
Habari zenu wakuu, naombeni msaada. Mimi ni afisa ustawi wa jamii, nipo upande wa watoto. Nilipokuwa chuo nilikuwa nasoma majarida bila kuwaza maana akaunti ya maktaba ilikuwa inafungua kila kitu, nikahitimu, akaunti ikafungwa, na hapo ndo kazi yenyewe inaanza! Juzi nina kesi ya ndugu wawili, inabidi tuamue kama wakae kwa shangazi yao au waende malezi ya kambo kwa familia ya watu baki, nikasema ngoja nione utafiti unasemaje kabla ya kikao. Nikapata makala inayogusa kitu hichohicho, nasoma muhtasari, kufika kwenye "matokeo yanaonyesha" kuna sentensi moja tu halafu chini yake kitufe cha kulipia. Nikalipa kwa hela yangu mwenyewe. Kumbe waliohojiwa ni vijana wakubwa walioshatoka kwenye malezi, hainisaidii kitu. Imeniuma sana kwa sababu maadili ya fani yanatutaka tuende na ushahidi, sasa ushahidi wenyewe umefungiwa. Nyie mnapataje? Na nikitaka kuandika ya kwangu kutoka kazini, nifanyeje ili kila mtu aisome bure?

Mkutubi_Mstaafu
Pole sana ndugu. Kwanza usilipe tena kabla hujatafuta nakala ya bure, mara nyingi ipo ila imekaa sehemu nyingine. Weka Unpaywall, kile kiongezi cha bure, kwenye kivinjari chako, ukifungua makala iliyofungwa inakutafutia kama kuna nakala halali kwenye hazina ya mtandaoni ya chuo fulani, yaani pale chuo kinapohifadhi kazi za watu wake. Kwenye Google Scholar bonyeza pale penye "matoleo yote", usiishie linki ya kwanza. Ikishindikana mwandikie mwandishi barua pepe, mistari mitatu tu, jitambulishe na useme unaihitaji kwa kazi gani, wengi wanatuma na wanafurahi kabisa kwamba kuna mtu wa kazini anawasoma.

Kwa kesi yako lakini mimi nisingeanza na makala mojamoja. Nenda Campbell Collaboration, wapo tangu 2000, wanakusanya tafiti zote za swali moja wanazichambua pamoja, na ni bure kwa yeyote. Swali lako hilohilo wanalo, mapitio ya 2014 kuhusu watoto wanaolelewa na ndugu wakilinganishwa na wa malezi ya kambo, tafiti 102 ndani yake.

MtafitiJamii
Mimi nafundisha na naandika, niseme ukweli hapa kosa kubwa ni letu waandishi. Watu wanadhani ufikiaji huria, yaani makala isomwe bure na yeyote, maana yake lazima ulipe ile ada kubwa ya kuchapisha, hapana. Majarida mengi yanakuruhusu uweke bure ile nakala iliyokubaliwa, yaani faili lako la mwisho baada ya wahakiki kuridhika, kabla jarida halijaipanga kurasa zake. Mengine yanataka usubiri miezi 12, mengine 24, mengine hayana kusubiri kabisa. Unaiweka kwenye hazina ya chuo au SocArXiv, hazina ya mtandaoni iliyoanza 2016 kwa ajili ya sayansi za jamii. Ni kazi ya dakika kumi na hatuifanyi!

Nilikuja kuamka siku mama mmoja niliyemhoji kwenye utafiti wangu aliponiuliza, "mwanangu, yale niliyokwambia uliyaandika wapi niyasome?" Nikamtafutia linki, nikaifungua mbele yake kwenye simu yake, ikatokea ile kurasa ya kulipia. Alinipa saa mbili za maisha yake, akalia mbele yangu, halafu hawezi kusoma nilichoandika juu yake. Wiki ile ile nikaweka makala zangu zote nilizoruhusiwa.

Kwa yako MdauUstawi, ingia DOAJ, ile orodha ya mtandaoni ya majarida ya kusomwa bure, uchuje yasiyotoza mwandishi, yapo. Advances in Social Work ya Chuo Kikuu cha Indiana ni mfano, anayesoma halipi na anayeandika halipi.

Neema_kesi
Samahani wakuu mimi nina wasiwasi kidogo, kazi yetu ni siri za watu, tukisema kila kitu kiwe wazi si tutawaanika wateja? Halafu kuna haya majarida yanayokutumia imeli kila siku, lipa leo makala inatoka kesho.

MtafitiJamii
Dada Neema umeuliza la maana. Kinachofunguliwa ni makala, sio mafaili ya kesi wala mahojiano yenyewe. Kama maelezo ya familia yanatambulika, hata kwenye jarida la kulipia ni kosa vilevile, kwahiyo ficha kabla ya kuandika. Kama kesi ni ya aina yake kiasi kwamba jirani ataijua, usiiandike kabisa. Hao wa kesho kesho wakimbie. Utafiti ukihakikiwa kweli haumalizi siku moja, tafuta hilo jarida DOAJ, na angalia kama watu wa bodi yao wapo kweli na wanajua kwamba wamo.

MdauUstawi
Nimerudi wakuu. Yale mapitio nimeyapata, nimesoma mpaka saa sita usiku. Watoto wanaokaa na ndugu kwa wastani wanatulia zaidi sehemu moja, na kitabia na kwa afya ya akili wanaonekana kuwa na hali nzuri zaidi, ila waandishi wenyewe wanaonya kwamba tafiti nyingi zina udhaifu, na wale wa malezi ya kambo ndo wanaopata zaidi huduma za afya ya akili. Hiyo ya mwisho ndo imenishtua, maana sisi tulikuwa tunabishana akae wapi tu, hakuna aliyeuliza shangazi atasaidiwa na nani akishawachukua. Kikao ni alhamisi, nimeshachapa nakala mbili za muhtasari wake, moja ya mwenyekiti na moja ya shangazi.

Mkutubi_Mstaafu
Safi sana. Ya shangazi ongeza ukubwa wa herufi.