Tupeane uzoefu: herini za vituko ulizotengeneza kwa mikono yako, zilikufikisha wapi?

Dada wa Birere
Asubuhi ya leo nimepanda moto, yaani pikipiki, kutoka Birere hapa Goma, motari kila mara anageuka kunitazama sikio, nikaona kabisa leo tunalala mtaroni. Nilikuwa nimevaa herini zangu za chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo: kibao cha mkaratusi urefu wa kidole gumba, usukani wake, na magurudumu ni vifungo vya shati. Tulipofika ronpwe, mzunguko wa barabara, wa Chukudu, chini ya ile sanamu ya rangi ya dhahabu, akasimamisha moto. "Mama, baba yao huyu hapa juu. Watoto unawapeleka wapi?" Nimecheka mpaka kazini. Semeni na nyinyi.

Fundi Makelele
Magurudumu yanazunguka kweli ama ni maneno? Weka picha.

Dada wa Birere
Yanazunguka, yaya. Mbao nilitoboa kwa msumari wa moto, katikati nikapitisha waya wa shaba. Picha nitaweka umeme ukirudi.

Mama Ndosho
Mimi mkufu wa maharage. Nilichagua moja moja, nyekundu, nyeupe, zile za madoadoa, nikatunga kwa nailoni ya wavuvi kutoka Kituku. Watu walisifu miezi miwili. Siku moja katikati ya misa naona unga mweupe unashuka kwenye blauzi nyeusi. Fukusi! Walikuwa wanakula mkufu na mimi nimesimama naimba.

Kijana Majengo
Kaanga kidogo kwanza kwenye sufuria, halafu upake verni, ile rangi ya kung'arisha mbao.

Mama Ndosho
Nikaange mkufu?

Mwalimu Kadutu
Usikaange, yatapasuka ngozi. Weka kwenye konjelateri, friji ya kugandisha, siku nne, fukusi na mayai yake vyote vinakufa.

Kijana Majengo
Kwa umeme gani, mwalimu?

Mama Vifungo
Mmenikumbusha kitu ambacho hata watoto wangu nimewakataza kusimulia mbele ya wageni.

Jumamosi ile ya tarehe 22 Mei 2021 mlima wa volkano Nyiragongo ulipofunguka, sisi hatukutoka. Tulikesha nje tunatazama mbingu nyekundu, na lava ikasimama upande wa Buhene. Lakini ardhi haikutulia, kila saa inatikisika, nikaandaa mifuko miwili, yote ya rangi moja, yale magunia ya mistari mnayoyajua. Mmoja una diplomu, karatasi za kiwanja na majaketi ya watoto. Wa pili ni wa kazi yangu: shanga, vifungo, vibonye vya simu za zamani, meno ya zipu, na mikono ya wanasesere. Ndiyo, mikono. Nilikuwa natengeneza herini za mikono ya wanasesere, moja inapunga, moja imefunga ngumi, na wasichana walikuwa wanazigombania.

Alhamisi tarehe 27 asubuhi wanatangaza mitaa kumi ya Goma ihame. Mmoja anabeba mtoto, mwingine sufuria, mimi nikanyakua mfuko. Njia ya kwenda Sake ilijaa watu, hata mahali pa kuweka mguu hakuna. Tumefika usiku, tukapewa kona katika darasa la shule moja. Baridi. Mtoto wa mwisho analia jaketi. Nafungua mfuko mbele ya familia kama saba, naingiza mkono, nashikwa na vidole vidogo vya plastiki.

Baba watoto alinitazama. Hakusema neno. Alichukua mkono mmoja, akautazama kwenye tochi ya simu, akauning'iniza kwenye sikio lake. "Basi tutavaa hizi." Darasa zima likaanguka kicheko, na ardhi ikatikisika papo hapo, tukanyamaza wote pamoja, halafu tukacheka tena.

Jaketi mama mmoja wa Katoyi alituazima. Kesho yake niliketi na mtoto wake na wangu tukatunga bangili za vifungo, hakuna hata vifungo viwili vinavyofanana. Siku ya tatu kila mwanamke wa lile darasa alikuwa na mkono sikioni. Sikuuza hata mmoja.

Tuliporudi Juni nyumba ilikuwa nzima. Mfuko wa diplomu tuliukuta juu ya kitanda.

Kijana Majengo
Sake ile nilikuwepo. Ni kweli tupu.

Mama Ndosho
Mwaka 2002 mlima ulipofunguka, mama yangu alikimbia na pasi ya makaa. Nguo za kupiga pasi hakubeba.

Mwana wa L'shi
Pole sana mama. Lakini mnisamehe, maharage na mikono ya wanasesere ni michezo ya watoto. Huku Lubumbashi pambo ni malakite, jiwe la kijani. Ama kroazeti, msalaba wa shaba, wazee walioa nayo, na bendera ya Katanga ya 1960 ilikuwa na tatu.

Fundi Makelele
Papa, tunaongea vituko, wewe unaleta bendera.

Mwana wa L'shi
Vituko pia ninavyo! Nazungusha waya wa shaba kwenye msumari, nauchomoa, naukunja mgongo kidogo, natia vijiguu: herini ya vinkubala, wale viwavi wa kuliwa. Mke wangu alivaa sokoni, mama mmoja akamwuliza kopo ni bei gani.

Dada wa Birere
Hiyo nataka! Na shaba haigeuzi sikio kuwa kijani?

Mwana wa L'shi
Inageuza. Sugua kwa ndimu na chumvi, osha, kausha vizuri, halafu verni ya kucha ile isiyo na rangi. Malakite usiipake ndimu, inaliwa. Na ukiikata, ikate kwa maji na ufunge pua, vumbi lake ni sumu.

Mwalimu Kadutu
Hamjaniuliza mimi. Nilivaa sambaza.

Fundi Makelele
Sambaza gani?

Mwalimu Kadutu
Samaki mwenyewe. Wawili wakavu, nimewapaka verni mara tatu, wanang'aa kama fedha. Ilikuwa siku ya mahari ya binamu yangu hapa Bukavu. Mvua ikatunyeshea njiani, verni ikaachia. Ndani ya nyumba harufu imeanza, shangazi mmoja anauliza nani ameacha jiko. Msemaji wa familia anahesabu ng'ombe, kimya kabisa, na paka wa wakwe yuko juu ya kabati. Aliruka. Alitua begani, akang'oa sambaza wa kushoto, akapita juu ya bahasha na chupa mpaka dirishani. Bahati ndoano ilikuwa nyembamba, ikanyooka, sikio likapona.

Mama Vifungo
Jamani!!!

Kijana Majengo
Na mahari ilipita?

Mama Ndosho
Paka alimeza na ndoano?

Mwana wa L'shi
Halafu sambaza si wenu. Waliletwa Kivu kutoka Tanganyika miaka ya 1950.

Mwalimu Kadutu
Basi njoo umdai paka. Ndoano tuliipata chini ya dirisha. Mahari ilipita, ila wakwe waliongeza mbuzi, wanasema tumewaharibia adabu ya mnyama. Wa kulia bado ninaye.

Dada wa Birere
Mtengenezee mwenzake wa shaba.

Fundi Makelele
Picha ya chukudu iko wapi?

Dada wa Birere
Umeme bado, yaya.