UNEP ikipandishwa cheo, mvuvi wa Kibirizi, Kigoma, anapata nini?

Mwalo_Katonga:
Wakuu habari za jioni. Kila mkutano wa mazingira wimbo ni uleule, taasisi za dunia zifanyiwe mageuzi. UNEP ipo tangu 1972, makao yake hapo Nairobi tu, lakini mpaka leo ni programu ya mazingira ya Umoja wa Mataifa, sio shirika kamili kama WHO la afya. Ufaransa na Afrika walipigania ipandishwe iwe shirika, kwenye mkutano wa Rio 2012 ikagonga mwamba. Sasa ingepandishwa sisi Kigoma tungeona tofauti gani? Maana 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kuvua miezi mitatu, 15 Mei mpaka 15 Agosti, na waliolala njaa hawakuwa wa Nairobi.

kuhe_mbichi:
Mkuu Rio hawakutoka kapa kihivyo. Zamani baraza la UNEP lilikuwa na nchi 58 tu, baada ya Rio wakaingia wanachama wote wa UN, kikao cha kwanza cha baraza hilo jipya, UNEA, kikakaa Juni 2014. Ishu ni hela, mfuko wao ni michango ya hiari, nchi ikinuna haitoi na hakuna wa kuibana. Kule WTO, shirika la biashara la dunia, ukivunja masharti ya biashara mwenzako anaweza kuruhusiwa akulipize kwa ushuru, ila ukichafua mazingira unaitwa semina na posho juu 😂

MamaDagaa:
Kaka zangu mnaenda mbali mno. Mamlaka ya Ziwa Tanganyika iko hapo Bujumbura, mkataba wake ulisainiwa Dar 2003, sisi, Burundi, Kongo na Zambia, mageuzi si yaanzie hapo? Kongo ina kama 45% ya ziwa sisi 41%, tukifunga peke yetu dagaa tuliowaacha wanavuliwa Uvira upande wa Kongo tunabaki tunaangalia taa zao usiku. Kwa hiyo kufunga pamoja mi naunga mkono, kinachoniudhi sisi wachuuzi tunaletewa tarehe tu, hakuna aliyetuuliza mkopo wa vikoba utalipwa na nini hiyo miezi mitatu.

Boma_la_Mkwawa:
Huku Tabora hata ziwa hatuna, tumbaku inakaushwa kwa kuni, misitu ya miombo inaisha, kampuni zinanunua zinasepa. Sisi tukalalamike Bujumbura au Nairobi?

Mwalo_Katonga:
@MamaDagaa hapo kwenye vikoba umenigusa dada. Basi wanaotaka UNEP yenye meno waanze na hela ya fidia kwenye kipindi cha kufunga, iwe ndani ya mkataba, sio hisani. @Boma we fungua uzi wako bwana, tutakuja.